Maswali yanayojirudia kuhusu petisheni ya uhuru wa Mahakama, Mtwara na Lindi

Toka tuanze kuzungusha fomu watu wanauliza yaleyale, kwenye grupu la WhatsApp, kwenye vijiwe vya kahawa Mikindani, kwenye minada ya korosho Tandahimba, na wengine wanapiga simu usiku kutoka Liwale. Tumeyakusanya hapa ili mtu asome mwenyewe kwa utulivu kabla ya kusaini au kukataa. Maswali yana namba, tukisema "angalia swali la 8" basi shuka mpaka hapo.

## Mambo ya mwanzo

1. Hii petisheni inadai nini, kwa kifupi?

Inadai kwamba jaji au hakimu wa nchi hii akikaa kwenye kiti asiwe na mtu wa kumuogopa nje ya sheria. Hilo ndo lote, mengine ni njia za kufika hapo: majaji wapatikane kwa utaratibu wa wazi, wakuu wa mikoa na wilaya watoke kwenye kamati zinazosikiliza malalamiko dhidi ya mahakimu, muda wa kustaafu usiongezwe kwa hiari ya mtu mmoja, hela ya Mahakama isiwe ya kuomba, ile nguvu ya mkuu wa wilaya kumuweka mtu ndani saa 48 ifutwe, na mabaraza ya ardhi ya wilaya yawe ndani ya Mahakama. Kila moja tumelielezea huko chini.

2. Mimi ni mkulima wa korosho, uhuru wa Mahakama unanihusu nini?

Fikiria mizani pale AMCOS, chama cha ushirika. Umeleta gunia zako, na yule anayesoma mizani ameajiriwa na mnunuzi, anaweza kuhamishwa na mnunuzi, na mkataba wake unaongezwa na mnunuzi. Inawezekana kabisa ni mtu mwaminifu na kilo anazosoma ni za kweli. Lakini siku ukiona gunia lako limepungua utamlalamikia nani, na hata akikwambia ukweli utamwamini vipi?

Sasa ndugu yangu, kesi ambazo mwananchi wa huku anakutana nazo nyingi upande wa pili yupo mtu mwenye nguvu: halmashauri, chama cha ushirika, kampuni, polisi, au Serikali yenyewe. Tunakumbuka 2018, mwezi wa kumi wakulima waligomea bei kwenye minada, mwezi wa kumi na moja Serikali ikasema itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kubeba mzigo. Kuna waliolipwa na kuna waliosubiri sana. Tunakumbuka pia 2013, sakata la gesi na bomba la kwenda Dar es Salaam, watu walikamatwa, wengine wakafikishwa mahakamani. Mambo ya namna hiyo yakitokea mahali pa mwisho pa kukimbilia ni mahakamani, na kama hapo mahali pa mwisho pana mkono wa yuleyule unayemlalamikia basi hauna mahali.

3. Mnasema "kurudisha" uhuru, kwani uliwahi kuwepo?

Hili linaulizwa sana na vijana na ni swali zuri. Ukamilifu haujawahi kuwepo, hatudanganyi mtu. Lakini kuna nyakati Mahakama ilisimama na nchi nzima ikaona. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, Mahakama Kuu Dodoma, kwenye kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila alisema Mtanzania ana haki ya kugombea bila kuwa na chama. Uamuzi mzito, enzi hizo vyama vingi ndo vimetoka kurudi miaka miwili nyuma. Kilichofuata ni kwamba Bunge lilibadilisha Katiba mwaka huohuo kuuzima uamuzi ule, kesi ikafunguliwa upya, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge sio la Mahakama. Mwaka 2013 ile Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu iliyopo Arusha ikasema Tanzania imekiuka haki. Mpaka hapo mwananchi anajifunza nini? Anajifunza kwamba jaji anaweza kusema ukweli na ukweli ukapigwa teke.

Na mifano mingine ipo, Mahakama Kuu 2016 kwenye kesi ya Rebeca Gyumi ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 vinapingana na Katiba, na 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Kwa hiyo tunaposema kurudisha tunamaanisha ile hali ya jaji kuamua kesi dhidi ya Serikali na kesho yake akaendelea na kazi bila wasiwasi, iwe kawaida, isiwe tukio la kusimuliwa.

4. Si mnawatukana majaji na mahakimu nyie?

Hapana. Soma petisheni yote, hakuna jina la jaji wala hakimu hata mmoja anayetuhumiwa. Tunaongelea utaratibu. Tunawafahamu mahakimu wa mahakama za mwanzo wanaokaa kwenye majengo mabovu, mvua ikinyesha mafaili yanahamishwa kona, na bado wanasikiliza kesi kwa heshima. Hii petisheni inawatetea hao kabla ya kututetea sisi.

## Tatizo lenyewe liko wapi

5. Katiba si imeshasema Mahakama ni huru? Mnataka nini tena?

Imesema, na imesema vizuri. Ibara ya 107A inasema mamlaka yenye kauli ya mwisho kwenye utoaji haki ni Mahakama, na ya 107B inasema mahakama zote zitakuwa huru na zitazingatia tu Katiba na sheria za nchi. Maneno haya yaliingizwa na mabadiliko ya mwaka 2000. Ukienda 107A ndogo ya pili unakuta mpaka kutochelewesha haki bila sababu ya msingi na kutofungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mtu aliyepigwa kalenda miaka mitatu kwenye kesi ya mbuzi akiisoma hiyo anaweza kulia.

Tatizo ni kwamba kurasa za mbele zaidi za Katiba hiyohiyo, na sheria nyingine zilizo chini yake, zinaweka funguo zote za Mahakama kwenye mkono mmoja. Hatusemi nani ameshika funguo kwa sasa au alishika jana. Hata akiwa mtu mwema namna gani, kesho atakuja mwingine.

6. Jaji Mkuu na majaji wanapatikanaje?

Jaji Mkuu anateuliwa na Rais, ibara ya 118. Majaji wa Rufani wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Jaji Kiongozi na majaji wa Mahakama Kuu wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ibara ya 109. Mtu akisikia "Tume" anatulia, anaona kuna chujio. Haya, fungua ibara ya 112 uone wajumbe wa hiyo Tume: Jaji Mkuu ambaye ndo mwenyekiti, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji mmoja wa Rufani, Jaji Kiongozi, na wajumbe wawili. Wote sita, mmoja mmoja, ni wateule wa Rais. Na Mwanasheria Mkuu ndo mshauri mkuu wa Serikali kwenye mambo ya sheria, na ndo anayeshtakiwa kwa niaba yake mtu akiishitaki, halafu anakaa kwenye meza inayoshauri nani awe jaji.

Tunachoomba hapa: nafasi za ujaji zitangazwe, watu waombe, usaili ufanyike hadharani, Tume iwe na wajumbe waliochaguliwa na mawakili na majaji wenyewe na wengine kutoka kwa wananchi, halafu Rais ateue kutoka kwenye majina hayo tu. Kenya wanafanya hivyo toka Katiba yao ya 2010, usaili wa Jaji Mkuu unaonyeshwa kwenye televisheni na wengi wetu tumewahi kuuangalia.

Kuna na ishu ya kukaimu. Mwaka 2017 nchi ilikaa na Kaimu Jaji Mkuu kuanzia Januari mpaka Septemba, Profesa Ibrahim Juma, kabla hajathibitishwa. Hatumlaumu yeye, lakini mtu anayekaimu yuko kama kwenye majaribio, na mhimili mzima wa dola haupaswi kuwekwa kwenye majaribio. Tunaomba iwekwe kikomo cha muda wa kukaimu.

7. Umri wa kustaafu una shida gani? Mzee akiwa na akili timamu si aendelee?

Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60, wa Rufani miaka 65, na Katiba inampa Rais uwezo wa kumuongezea muda akiona inafaa. Shida sio uzee, shida ni yule jaji aliyebakiza mwaka mmoja na amepewa kesi kubwa dhidi ya Serikali na anajua anayeongeza muda ni nani. Hata kama hatafikiria kabisa hilo jambo, mwananchi aliyekaa kwenye benchi la nyuma atafikiria. Kama miaka 60 ni midogo iandikwe 65 au 70 kwa wote, iishe.

8. Hii habari ya mkuu wa wilaya kusimamia maadili ya mahakimu ni ya kweli?

Ni ya kweli na ndo jambo linalowashangaza watu kuliko yote. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 imeunda kamati za maadili ya maafisa wa mahakama. Ya mkoa mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, ya wilaya mwenyekiti ni Mkuu wa Wilaya. Ukiwa na malalamiko dhidi ya hakimu wa mahakama ya mwanzo unaweza kuyapeleka huko, wanasikiliza, wanapeleka mapendekezo juu.

Sasa vuta picha. Mkuu wa Wilaya huyohuyo ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, huyohuyo ana nguvu ya kuagiza mtu akamatwe (swali la 9), na huyohuyo ndo anaongoza kamati inayoweza kumchunguza hakimu. Hakimu kijana, ndo kwanza amepangiwa Nanyumbu au Ruangwa, analetewa mtu ambaye DC amemtolea maneno kwenye mkutano wa hadhara jana yake. Ampe dhamana? Sheria inamruhusu, lakini binadamu ni binadamu.

Mtu anauliza, sasa hakimu mla rushwa ashitakiwe wapi? Kamati zibaki, tena ziwe na nguvu, ila ziongozwe na mtu wa Mahakama na wawepo wananchi na mawakili. Na hili halihitaji kubadili Katiba hata nukta, ni sheria ya kawaida, Bunge likiamua linapita kwa kura za kawaida. Ndo maana sisi wengine tunaona hapa ndo pa kuanzia.

9. Saa 48 za mkuu wa wilaya ni nini, na inaingiaje kwenye uhuru wa Mahakama?

Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuagiza mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48, kama anaona mtu huyo ni hatari kwa amani na hakuna njia nyingine. Sheria yenyewe imeweka masharti: sababu ziandikwe, mtu afikishwe kwa hakimu ndani ya muda huo au aachiwe. Ila kila Mtanzania ameshaona kwenye video mtu anaambiwa "muweke ndani huyu" kwasababu amejibu vibaya mkutanoni, au mhandisi amechelewesha mradi.

Inaingia kwenye petisheni kwasababu kumnyima mtu uhuru ni kazi ya Mahakama. Ukimpa mtu wa utawala kipande cha kazi hiyo umeimega Mahakama, hata kama ni kwa siku mbili.

10. Na hela?

Mfuko wa Mahakama upo kwa sheria hiyohiyo ya 2011, ila kiasi kinachoingia na kinaingia lini vinategemea Hazina. Tunaomba kiwango cha chini kiandikwe kwenye sheria ili Mahakama isipige hodi kila mwaka. Huku kwetu tunajua maana yake: mtu wa Liwale anaisaka Mahakama Kuu mpaka Mtwara mjini, na Mahakama ya Rufani mnaisubiri ije kwa vikao. Masika barabara ikikatika, kama ile ya Dar kwenda Lindi ilivyokatika pale Somanga 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, basi haki nayo inasubiri maji yapungue.

## Kuhusu kusaini

11. Nani anaruhusiwa kusaini? Bibi yangu hajui kusoma.

Mtanzania yeyote mwenye miaka 18 na kuendelea anayeishi au aliyezaliwa Mtwara au Lindi, hata kama saivi uko Mbagala, Dar. Bibi anasomewa yote, sio kipande, kwa Kiswahili au kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua kama kuna mtu anayeweza, halafu anaulizwa amekubali au hajakubali, ndo anaweka dole gumba. Aliyemsomea anaandika jina lake pembeni. Tafadhali sana, usimuwekee mtu dole akiwa hajaelewa ati kwa kuwa wewe ni mjukuu. Saini moja ya kulazimisha inaweza kuharibu daftari zima.

12. Nikisaini naweza kukamatwa?

Kuandika maombi kwa viongozi wako sio kosa. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa kutoa maoni, ya 21 inakupa haki ya kushiriki kwenye maamuzi ya mambo yanayokuhusu wewe na Taifa, na ya 26 inasema kila mtu ana haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi.

Ila tuwe wakweli kwa kila mmoja, watu wanaogopa na wana sababu za kuogopa, na hatutamwambia mtu kwamba hakuna lolote linaloweza kutokea. Tunachofanya ni kukaa ndani ya mstari. Usiandike kwenye mitandao kwamba hakimu fulani kahongwa kama huna ushahidi, hapo unagusa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Usiongelee kesi inayoendelea kwa namna ya kumshinikiza hakimu, kuna kosa la kuidharau mahakama. Ukitaka kuitisha mkutano wa hadhara polisi wanatakiwa wapewe taarifa si chini ya saa 48 kabla. Kuzunguka nyumba kwa nyumba na fomu sio mkutano wa hadhara. Ukisumbuliwa usibishane barabarani, chukua jina la aliyekusimamisha na kituo, mpigie aliyekupa fomu.

13. Mimi ni mwalimu, mwenzangu ni nesi hospitali ya Ligula, tusaini?

Kama raia, ndio. Usisaini kwa cheo chako, usitumie muhuri wa ofisi, usizungushe fomu muda wa kazi. Kama roho haijatulia acha, hakuna atakayekunyooshea kidole.

Mahakimu, makarani wa mahakama na wazee wa baraza tunawaomba wasisaini kabisa. Jambo hili linaweza kuja mbele yao siku moja na hatutaki mtu aseme walishachukua upande.

14. Kwanini hamuombi namba ya NIDA? Mtathibitisha vipi?

Jina, kijiji au mtaa, na saini vinatosha. Namba ya kitambulisho kwenye karatasi inayopita mikono mingi ni hatari kwako, na toka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika mwaka 2023 mtu anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzitunza. Kwa hiyo hatukusanyi tusichohitaji. Kuna watu wanapita na fomu zinazotaka NIDA na namba ya simu, hao sio sisi, usijaze. Na usipige picha ukurasa uliojaa majina ukaurusha kwenye grupu, hata kama ni kwa furaha.

15. Kuna posho?

Hakuna. Hakuna ya kusaini wala ya kuzungusha. Fotokopi tunachangishana wenyewe.

16. Ni ya chama gani hii?

Sio ya chama. Wamesaini watu wa CCM, CUF, Chadema, ACT na wasio na chama, na wengine wamekataa kutoka vyama hivyohivyo. Hatuvai sare wala hatupokei bendera wakati wa kukusanya. Mwanachama wa chama chochote akishinda uchaguzi leo kesho anaweza kuwa kizimbani, na hapo atamhitaji jaji asiyemuogopa aliyemuweka pale.

## Inakwenda wapi

17. Mnaipeleka kwa nani?

Kwa wabunge wa majimbo yetu ili waiwasilishe Bungeni, na nakala kwa Wizara ya Katiba na Sheria, Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tumeigawa mafungu mawili makusudi. Fungu la kwanza ni yale yanayoweza kubadilishwa kwa sheria ya kawaida: kamati za maadili, saa 48, fedha, mabaraza ya ardhi. Fungu la pili ni yanayohitaji kugusa Katiba: uteuzi, kukaimu, kuongeza muda. Kubadili Katiba kunataka theluthi mbili ya wabunge, ibara ya 98, kwa hiyo mtu asikwambie tutamaliza mwaka huu.

18. Kwanini msisubiri Katiba mpya?

Tumesubiri. Tume ya Jaji Warioba ilikabidhi rasimu ya pili mwisho wa 2013, Bunge Maalum likakaa 2014, kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo. Rasimu ile ilikuwa na mambo mazuri kuhusu Mahakama, ikiwemo kuwa na Mahakama ya Juu. Siku mchakato ukirudi petisheni yetu itakuwa mezani tayari. Ila hakimu wa Nanyumbu wa swali la 8 hawezi kusubiri.

19. Si mfungue kesi tu?

Wengine tunalifikiria na milango haijafungwa, ibara ya 30 inaruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu kudai haki. Ila mwaka 2020 sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi ilibadilishwa ikamtaka mlalamikaji aape na kueleza jinsi yeye binafsi alivyoathirika, jambo lililobana sana kesi za kutetea umma, na badiliko hilo lenyewe lilipingwa mahakamani. Anayetaka kwenda njia hiyo akae na wakili kwanza amwambie sheria ilivyo siku hiyo. Na tuseme lililo moyoni, kumuomba jaji aamue namna majaji wanavyopaswa kuteuliwa ni kumtwisha mzigo ambao wabunge ndo walitakiwa waubebe.

20. Na ile Mahakama ya Afrika, si ipo hapahapa Arusha?

Ipo, ila mlango wa mwananchi mmoja mmoja ulifungwa. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa linaruhusu watu binafsi na asasi kufungua kesi moja kwa moja, na ikaanza kuuma mwaka mmoja baadaye. Waliowahi walipata majibu, Julai 2020 mahakama hiyo ilisema ibara ya 41(7), inayozuia matokeo ya urais kuhojiwa mahakamani, inavunja haki za raia. Inaumiza kwamba mahakama iko kwenye ardhi yetu na jirani wa Malawi anaweza kuitumia kuliko sisi. Kurudisha tamko lile hakumo kwenye petisheni kwasababu ni jambo la mkataba wa kimataifa, lakini tunaliunga mkono kwa mikono miwili.

21. Kuna nchi wananchi walifanikiwa kwa namna hii?

Zipo, ila sio kwa karatasi peke yake. Malawi mahakama ilifuta uchaguzi wa rais Februari 2020, na mwezi wa sita Serikali ikataka Jaji Mkuu Andrew Nyirenda aende likizo mpaka astaafu. Mawakili, wasomi na hata majaji wakaandamana, Mahakama Kuu ikasimamisha lile agizo, akabaki. Kenya rais alikataa kuwaapisha majaji 41 waliopendekezwa mwaka 2019, kelele zikapigwa na kesi zikafunguliwa, mmoja wao akafariki kabla, 34 wakateuliwa 2021 na sita waliobaki wakaapishwa na rais aliyefuata mwaka 2022. Pakistan ilikuwa ngumu zaidi, Jaji Mkuu Iftikhar Chaudhry alisimamishwa 2007 na mawakili wakakaa barabarani mara kwa mara mpaka akarudishwa Machi 2009.

Angalia hapo, kote mawakili walikuwa mbele. Huku kwetu mawakili ni wachache na wengi wako mjini, kwa hiyo wananchi inabidi wabebe zaidi.

## Maswali ya pembeni

22. Nina kesi inaendelea, mnaweza kunisaidia?

Hapana, na usiitaje petisheni mbele ya hakimu wako. Hatuingilii kesi ya mtu, tukifanya hivyo tutakuwa tunafanya kilekile tunachokilalamikia. Ukihitaji msaada tafuta wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri yako. Hukumu za Mahakama Kuu na Rufani zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII, na toka 2021 sheria inataka Kiswahili kiwe ndo lugha ya mahakamani kwa hiyo omba hukumu yako kwa Kiswahili.

23. Kesi yangu ni ya shamba la mikorosho, iko baraza la ardhi. Hilo nalo ni Mahakama?

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yameundwa chini ya Wizara ya Ardhi na kwa muda mrefu wenyeviti wake wameteuliwa na Waziri, sio na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kwa maana hiyo ugomvi wa ardhi, ambao ndo unawala watu wetu, unaanzia kwenye chombo cha wizara na unaingia Mahakamani kweli ukikata rufaa Mahakama Kuu. Petisheni inaomba mabaraza haya yawe ndani ya Mahakama moja kwa moja. Baraza la kata lenyewe toka mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya shamba, ukipewa karatasi ya "hukumu" ya kata ya baada ya hapo muonyeshe mwanasheria haraka.

24. Mnadai Mahakama ya Kadhi?

Hapana, huo ni mjadala mwingine. Mirathi na ndoa za Kiislamu kwa Bara zinasikilizwa mahakama ya mwanzo kwa kufuata sheria ya Kiislamu, na Zanzibar wana Mahakama zao. Petisheni hii ni ya Bara na Mahakama ya Rufani tu.

25. Nilisaini, sasa nataka kufuta jina langu.

Mwambie aliyekusainisha, atalikata mbele yako na utaweka saini pembeni ya mkato. Huulizwi sababu. Ikishakabidhiwa kwa mbunge hatuwezi tena.

26. Na kama mbunge wetu akikataa kuipokea?

Tunaenda kwa mbunge mwingine wa mkoa wa Mtwara au Lindi, haijalishi wa jimbo gani, na akikosekana tunaipeleka Ofisi ya Bunge Dodoma kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa. Kwenye kila kijiji kitabaki kivuli cha petisheni bila kurasa za majina, kwa aliyeongoza kukusanya, na mbunge atakapokuja kwenye mkutano wake wa kijiji muulizeni mbele ya watu ameipokea au ameikataa, na kama ameikataa aseme ni kipengele kipi.